Mzee Melkiory Mutalemwa na Risasi Niliyoijaza Mimi

Mchungaji wetu, viongozi wa serikali, ndugu, majirani na waombolezaji wote, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu wote mliofika, shikamooni.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Prudensia, mtoto wa tatu wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Songambele. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu wa baba kwa sababu sauti yangu inafika mpaka nyuma. Kwenye vitabu vidogo mlivyogawiwa mlipoingia kuna wasifu uliochapwa na kamati. Tarehe zake ni sahihi, nimezihakiki mwenyewe. Lakini ukurasa wa tatu unasema marehemu "alipata ajali ya bunduki baada ya kukosea kujaza risasi." Baba hakujaza ile risasi. Nitaieleza habari hiyo zamu yake ikifika, na nawaomba msikae mkiisubiri hiyo tu, maana mtu aliishi miaka sabini na tatu na si haki azikwe kwa asubuhi moja. Nitasoma kwa taratibu, kama wasifu unavyosomwa. Pale nitakaposhindwa, mnivumilie.

Marehemu Mzee Melkiory Mutalemwa alizaliwa tarehe 11 Novemba 1950 Bweranyange, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Anastazi na Mama Auleria, ambao wote wametangulia. Alibatizwa Februari 1951. Babu Anastazi alikuwa mkulima wa migomba na kahawa kama wenzake wote, ila katika ujana wake aliwahi kubeba bunduki za Mzungu mmoja mwindaji aliyekuja kila kiangazi kutafuta tembo na nyati kando ya mto Kagera. Mzungu huyo alikuwa na bunduki mbili. Moja ilikuwa mpya, ndiyo aliyoitumia. Nyingine alirithi kwa baba yake, chuma kizito chenye mdomo unaoingia kidole gumba cha mwanamume, na alitembea nayo kwa mapenzi tu. Alipoondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1948 alimwachia babu hiyo ya zamani, kwa kibali cha serikali, pamoja na sanduku la maganda arobaini ya shaba.

Haikuwa zawadi kubwa kama watu walivyodhani. Risasi za bunduki ile zilikuwa za baruti nyeusi, za enzi ambazo hata Wazungu wenyewe walikuwa wameshaziacha. Dukani hazikuwepo. Aliyetaka kuitumia ilimbidi azitengeneze mwenyewe, na kila alipopiga aliokota ganda lake, akaliosha, akalijaza upya. Babu alijifunza kazi hiyo kwa kumtazama Mzungu wake, na baba akajifunza kwa kumtazama babu.

Marehemu alisoma shule ya msingi huko huko Bweranyange kuanzia mwaka 1959 hadi 1965. Kuna kisa alichopenda kutusimulia. Mwalimu aliuliza darasa makaa yana kazi gani. Wa kwanza akasema kupikia, wa pili akasema kupigia pasi. Baba akasimama akasema kutengenezea baruti, kisha akaanza kueleza na vitu vingine vinavyochanganywa. Mwalimu alimtoa darasani akamwita babu shuleni. Babu alipofika, badala ya kuomba radhi, alimsahihisha mwanawe mbele ya mwalimu kwamba kuna kitu alikisahau. Wote wawili walifukuzwa siku hiyo. Alipata kipaimara mwaka 1966. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, hivyo alibaki kibanjani akichuma kahawa na baba yake kwa miaka mitano.

Tarehe 1 Julai 1971 aliajiriwa kuwa askari wa wanyamapori katika Wilaya ya Karagwe, wakati huo Kyerwa ikiwa bado ndani yake, na alitumikia miaka thelathini na minne hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2005. Watu walimwita Bwana Nyama. Mwanzoni alikataa, akisema Bwana Nyama ni mkubwa wake aliyeko ofisini na yeye ni askari tu. Baadaye alichoka kukataa, na jina likamganda. Alihamia hapa Songambele mwaka 1983 na kupewa eneo hili la bondeni, ambalo wengine walilikataa kwa sababu ya viboko. Migomba yote mnayoiona hapa, mpaka ule mstari wa mikahawa, aliipanda yeye.

Kazini alitumia bunduki za serikali na risasi za serikali, zile za kisasa. Kila jioni alizirudisha ghalani hata kama alikuwa anatoka porini amelowa mpaka kifuani. Alikuwa na msemo wake: "Risasi ya serikali hailali kwangu." Wenzake walimcheka kwa ugumu huo. Mwaka 1994, wakati eneo letu lilipojaa wakimbizi na silaha zikawa zinazagaa hovyo, aliokota risasi mbili za kisasa njiani akatembea kilomita kumi na nne kuzikabidhi, kisha akarudi kula chakula kilichopoa. Ndiyo maana sisi watoto wake, tuliozaliwa na kulelewa katika nyumba ya askari mwenye bunduki, hatukuwahi hata siku moja kuona ndani ya risasi ya kisasa kuna nini. Tulijua baruti moja tu duniani, na ni nyeusi.

Bunduki ya babu aliirithi kihalali mwaka 1979. Leseni yake aliitunza ndani ya Biblia, na mwaka 2016 silaha zilipohakikiwa alikuwa mtu wa kwanza kwenye foleni. Baada ya kustaafu, tembo wakitoka hifadhini au viboko wakipanda kutoka mtoni, na maaskari wako mbali, ofisi ilimruhusu awafukuze. Nasema kufukuza. Kwa bunduki ile, katika maisha yake yote, aliua viboko wawili na nyati mmoja. Mara zote nyingine alipiga hewani au kwenye tope. Mlio wa baruti nyeusi ni mzito, mtu anausikia tumboni kabla ya masikioni, halafu linatoka wingu la moshi mweupe linalofunika mpigaji mzima. Tembo walikuwa wanageuka kwa kuuogopa ule moshi kuliko kitu kingine. Baba naye akitoka ndani ya moshi wake alikuwa anakohoa na kucheka, uso mweusi tii.

Akishapiga, hakuna mtu aliyeondoka mpaka ganda lipatikane. Wengi wenu mnaifahamu adha hiyo. Kuna mwaka ganda moja lilidondoka katika shamba la mtama, na kijiji kikalitafuta siku mbili kwa magoti, mwenyekiti akiwemo. Siku ya tatu jirani yetu Mama Nyirabageni alimkuta kuku wake amelilalia pamoja na mayai. Baba alimpa yule kuku jina la Sajini, na hakukubali achinjwe mpaka alipokufa kwa uzee. Maganda arobaini ya babu yalipasuka mdomo moja baada ya jingine kwa kutumiwa, na kufikia mwaka huu yalikuwa yamebaki kumi na moja.

Tarehe 5 Januari 1980 marehemu alifunga ndoa na mama yetu, Adelgunda, binti wa mfanyabiashara wa Muleba. Wakweze walikuwa watu wa mjini mjini kidogo na walikuja Karagwe wakiwa na mashaka. Sasa, bunduki ya baruti nyeusi ikishapigwa lazima mtutu uoshwe siku hiyo hiyo kwa maji ya moto, la sivyo kutu inaula. Maji hayo hunuka mayai viza. Bibi Auleria alikuwa na birika moja kubwa la kazi hiyo, na asubuhi ya harusi, katika pilikapilika, ndilo lililochemshiwa chai ya wakwe. Babu wa Muleba alionja, akaonja tena, akamgeukia mkewe akasema, "Waitu, kumbe huku chai wanaitia mayai." Kwa heshima wakanywa wote vikombe vyao mpaka mwisho. Mama aliambiwa ukweli baada ya mwaka mzima. Alinunua birika lake na kulifunga kitambaa chekundu, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Mungu aliwajalia watoto wanne: Elick mwaka 1981, Vero mwaka 1983, mimi mwaka 1986 na Edgar mwaka 1990. Elick hakuwa na subira ya kazi za mikono. Vero aliogopa moto. Edgar alikuwa mdogo. Kwa hiyo mwaka 1998 baba alinikalisha mimi kwenye benchi yake nyuma ya jiko, akaniambia, "Wewe mikono yako haina haraka." Alinifundisha kuosha maganda kwa majivu na ndimu. Alinifundisha kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu, na kupaka kichwa cha risasi nta iliyochanganywa na samli. Baruti yenyewe ilitoka kwa rafiki yake Mzee Bigirimana, fundi wa magobore wa Nyabiyonza, aliyekuwa na kibali chake.

Somo kubwa lilikuwa moja. "Ganda lijae," alisema. "Lijae mpaka kichwa cha risasi kiikandamize baruti. Ukiacha hewa mle ndani, siku moja bunduki itakugeuka." Kila risasi niliyomaliza aliipokea, akaisogeza sikioni, akaitikisa. Ikilia hata kidogo, alinirudishia niifungue nianze upya. Kwa baruti nyeusi alikuwa sahihi kabisa. Miaka ishirini na sita nilijaza risasi za baba na hakuna hata moja iliyowahi kulia sikioni mwake. Nilijivunia hilo kuliko cheti changu cha ualimu.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwaka 2018 alipopata mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji jicho la kulia mwaka 2020, akawa anaona mbali lakini vitu vya karibu vilimchanganya, na rangi zote ndogo ndogo kwake zikawa kijivu. Kifua nacho kilimsumbua. Daktari alimwambia akae mbali na moshi. Baba alicheka, akasema amwambie tembo.

Mzee Bigirimana alifariki Januari 2023 na hakuacha mrithi wa ufundi wake. Baruti aliyotuachia iliisha Juni mwaka huu. Mwezi Agosti tembo wakatoka hifadhini, wakamaliza nusu ya kibanja cha Mama Nyirabageni kwa asubuhi tatu. Ni mjane, mnamjua, hana kitu kingine. Alikuja hapa akakaa kwenye kile kiti cha mlangoni, na baba akawa anaangalia chini kwa aibu. Mzee aliyezoea kuitwa, alikuwa anaitwa na hana cha kwenda nacho. Mimi nilimwona vile, nikaumia.

Jumapili tarehe 1 Septemba nilikwenda mnadani mpakani. Kuna mtu pale, jina lake silijui, aliniuzia kopo la baruti. Ilikuwa ya kijivu, vipande vidogo bapa vinavyong'aa, kama majani ya chai. Nilimuuliza mbona si nyeusi. Akasema hii ni safi zaidi, ina nguvu na haina moshi. Haina moshi! Nilifikiria kifua cha baba. Nilifikiria mama atapumzika na yale maji yanayonuka. Nawaambia ukweli, nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nimekumbatia lile kopo kwenye pikipiki.

Ijumaa tarehe 6 Septemba, baada ya vipindi, nilijaza risasi tatu. Nilijaza kama nilivyofundishwa, mpaka juu, bila hewa. Baruti ya kisasa haijazwi hivyo, nguvu yake ni mara nyingi zaidi na chuma cha zamani hakikutengenezwa kuihimili. Hilo nimelijua sasa. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba ganda lijae. Sikumwambia baba kuwa baruti ni nyingine. Nilitaka apige, aone hakuna moshi, ashangae, ndipo nimweleze. Alikuja kwenye benchi akazipapasa, akazitikisa sikioni moja baada ya nyingine.

"Zimejaa," alisema.

"Ndiyo, tata."

"Umepata wapi baruti?"

"Kuna mtu kaniletea. Utaiona kesho."

Akaniwekea mkono kichwani. Jioni ile alikula vizuri, aliongeza ndizi zake za bitoke mara mbili.

Jumamosi tarehe 7 Septemba, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Nyirabageni alikuja kumwita. Marehemu alitoka na koti lake la kazi. Mimi nilibaki nyumbani nikiinjika maji ya kuoshea mtutu, kwa mazoea. Nikasikia mlio. Haukuwa mzito. Ulikuwa mkali na mfupi, wa bati linalopasuka, na papo hapo nikajua kuna kitu si sawa, ila sikujua ni nini. Nilikimbia. Mtutu ulikuwa umefunguka kama ganda la ndizi. Mkono wa kushoto wa baba haukuwa mkono tena, na jicho la kushoto halikuwepo. Hakukuwa na moshi hata kidogo, kila kitu kilionekana wazi kabisa. Tembo hawakukimbia. Walisimama wakatutazama, halafu wakaendelea kula.

Marehemu alilazwa hospitali kwa siku kumi na tisa. Wauguzi walimtunza vizuri na familia inawashukuru. Siku ya tatu askari polisi alikuja kuandika maelezo. Baba alikuwa amefungwa bandeji uso mzima ila mdomo. Nilikuwa nimesimama pembeni na chupa ya uji. Askari akauliza nani alijaza risasi. Baba akajibu haraka, kana kwamba alikuwa amelisubiri swali, "Niliijaza mwenyewe. Macho yangu hayaoni, nilikosea." Askari akaandika. Baba akaomba asomewe, akasomewa, akaweka dole gumba la mkono uliobaki. Mimi nilikuwa na mdomo na sikuufungua.

Askari alipoondoka, baba aliniuliza kwa sauti ndogo, "Pruda, ulitia nini?"

Nikamweleza habari ya kopo, rangi yake na maneno ya yule mtu.

"Ulijaza mpaka juu?"

"Ndiyo, tata. Sikuacha hewa."

"Vizuri," alisema. "Ulifanya nilivyokufundisha. Kuna baruti nyingine na sikukuonyesha kamwe. Basi kosa ni langu. Na mama yako asijue."

Hakulirudia tena jambo hilo. Nilitamani anikaripie. Kila siku nilikwenda pale nikitumaini kwamba leo atanikaripia, na kila siku aliuliza habari za wanafunzi wangu wa darasa la saba. Kidonda cha mkono kilioza na sumu ikaingia kwenye damu. Mzee Melkiory Mutalemwa alifariki Alhamisi tarehe 26 Septemba 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na tatu, miezi kumi na siku kumi na tano. Vero alikuwa ameshika mkono wake. Mimi nilikuwa bombani nafua shati lake.

Juzi usiku kamati ilipokaa, nilimwambia kaka Elick nitasoma kila kitu. Elick ni mkubwa wetu na hasemi ovyo. Aliniambia, "Pruda, mzee alishasema mbele ya polisi, akaweka dole gumba. Ukisimama pale ukasema vingine, umemfanya mwongo siku ya kumzika. Kile ndicho kitu cha mwisho alichokupa. Kipokee, unyamaze." Amelia mbele yangu na mimi nimelia mbele yake, na kila mtu akabaki na lake.

Lakini nimekaa msibani hapa siku mbili nikichambua mchele, na nimesikia. Nimesikia ikisemwa Bwana Nyama alikuwa amelewa rubisi. Baba hakuwa ameonja rubisi tangu mwaka 2011. Nimesikia ikisemwa, askari wa miaka thelathini na minne, kafa kifo cha mjinga. Mkutano wa kijiji wiki iliyopita, yeye akiwa bado hai kitandani, ulimtaja kuwa mfano wa wazee wanaong'ang'ania mambo wasiyoyaweza. Waliosema hawakuwa na ubaya, waliambiwa hivyo, na aliyewaambia ni yeye mwenyewe. Alichukua jina lake zuri, alilolijenga kwa kurudisha risasi za watu kila jioni, akanifunika nalo. Na mimi nimejaribu kulala chini yake nimeshindwa.

Kwa hiyo nasema mbele ya jeneza lake, mbele ya mchungaji na mbele ya mkuu wa kituo cha polisi ambaye nilimwomba aje na yupo pale kwenye viti vya nyuma: marehemu hakukosea. Kwa bunduki ile hakuwahi kukosea tangu alipoikamata mpaka asubuhi ile. Baruti nilinunua mimi, maganda nilijaza mimi, na nilipoulizwa imetoka wapi nilificha. Nikitoka makaburini nitakwenda kituoni kuandika maelezo yangu. Nimejaribu kumwomba Mungu kuhusu jambo hili, nimeshindwa. Labda ninyi mtaweza kuniombea, sijui. Sitegemei kusema haya kunifanye nijisikie vizuri, na sijisikii vizuri.

Marehemu Mzee Melkiory Mutalemwa ameacha mjane, Mama Adelgunda. Ndugu wawili, Novatus na Speciose. Watoto wanne, Elick, Vero, Prudensia na Edgar. Na wajukuu tisa. Elick aliniuliza kama nataka jina langu libaki kwenye orodha hiyo. Nimelisoma kama lilivyo, kwa sababu mpaka siku ya mwisho aliniita mwanangu.

Mama, najua ndiyo kwanza unasikia. Siku hizi zote ulikuwa unanisifu mbele ya wageni kwamba nilimhudumia baba kuliko wote, na nilikuacha unisifu. Nikimaliza hapa nitarudi kwenye mkeka, pale pale nilipokuwa nimekaa, ubavuni kwako. Ukisogea, nitaelewa.

Mungu ampokee baba mahali pasipo na maumivu, alale. Sina kingine cha kusoma.